Kadi Moja Ikaanguka

Si muda mrefu uliopita nilialikwa kwenye mafunzo ya watafiti vijana, hapa hapa mjini. Walitaka mtu mzima mmoja akae mbele, aseme maneno mawili matatu ya kufungua, kisha anywe soda yake kwa amani. Nilipomaliza, mkufunzi akawasha kompyuta na kuwaonyesha programu ya kuchambua mahojiano. Unaingiza humo yale watu waliyokuambia, unayawekea alama: hapa anazungumzia bei, hapa maji, hapa viongozi. Halafu unaiambia programu ikuchagulie. Akaandika: wanawake. Maandishi yakapungua kwenye ukuta. Akaandika: wajane. Yakapungua tena. Akaandika: wauza chakula. Ikabaki aya moja tu.

Vijana wakapiga makofi. Mimi nikasikia mwili umekuwa wa baridi, nikaomba maji. Walidhani ni presha.

Nilikuwa nimewahi kuona aya moja ikibaki namna ile, mbele ya macho yangu, wakati wengi wao hawajazaliwa. Hatukuwa na programu. Tulikuwa na kadi na sindano ya kufumia sweta.

Ilikuwa ile miaka ya foleni. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimetoka chuo, nimepata kazi kwenye ofisi ndogo ya utafiti katikati ya mji, ghorofani, juu ya duka la vitambaa lililokuwa na vitambaa vichache kuliko wauzaji. Kazi yetu ilikuwa kuwapelekea wapanga sera habari za namna sera zao zinavyoishi mitaani. Mkuu wetu alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyesoma ng'ambo. Kompyuta wakati ule zilikuwa za kuhesabu kwa vidole nchi nzima, na kuingiza nyingine kulikuwa kumekatazwa. Kwa hiyo yeye alirudi na katoni za kadi ngumu zenye matundu madogo kuzunguka kingo zake zote, na koleo kama la kondakta wa treni.

Nieleze kidogo, maana bila hili mengine hayaeleweki. Kila tundu lilikuwa na maana yake. Tundu hili ni mwanamke, lile ni mjane, lile anatoka mikoa ya kusini, lile anazungumzia sukari. Maneno ya mtu yaliandikwa katikati ya kadi. Kama ni mwanamke, unakata kwa koleo ukingo wa tundu la mwanamke, tundu linakuwa mwanya. Ukitaka wanawake wote, unapanga kadi pamoja, unapitisha sindano kwenye tundu hilo, unainua na kutikisa. Kadi zenye mwanya zinaanguka mezani. Nyingine zinabaki zinaning'inia.

Nilikuwa naipenda kazi ile, sioni haya kusema. Kuna raha fulani kutikisa fungu na kuona kadi zinadondoka zenyewe, kana kwamba watu wa Kariakoo wameitwa nao wameitika. Mkuu wetu aliipenda kuliko sisi sote. Kila mgeni aliyepanda ngazi zile alionyeshwa sindano kabla hajapewa kiti.

Utafiti wa safari ile ulihusu maduka ya ushirika: je, sukari, sabuni na unga vinawafikia wananchi? Kariakoo tuligawana mitaa, mimi na mwenzangu mmoja, kijana mtaratibu aliyekuwa na mwandiko mzuri mno. Kulikuwa na kanuni moja: mtu asihoji mtaa anaoishi. Mtaa wetu, ambako niliishi na mama yangu mdogo, ukawa wake. Majina hayakuandikwa kamwe. Hilo tulilitangaza mlangoni kwa kila mtu: "Hatuandiki jina, mama. Hatuandiki jina, baba." Nami niliamini kwamba hapo ndipo ulinzi ulipoishia na kutosha.

Asubuhi moja akaja mgeni wa suti ya mikono mifupi, rangi ya udongo. Alijitambulisha kwa sauti ya chini kuwa anatoka ofisi inayohusika na ugawaji wa bidhaa. Ofisi gani hasa, sikusikia. Mkuu wetu akafurahi. Watu wa aina ile walikuwa hawaji kutuuliza chochote. Ripoti zetu tulidhani zinafungia karanga. Akamketisha, akaagiza chai ya rangi, akaleta fungu la kadi za Kariakoo.

"Mnasema hamna majina," mgeni akasema, anatabasamu.

"Hatuna hata moja, ndugu."

"Sasa mnajuaje nani kasema nini?"

"Hatuhitaji kujua nani. Tunahitaji kujua watu wa namna gani." Mkuu wetu akachukua sindano. "Niulize chochote."

Mgeni akafikiri kidogo, au akajifanya anafikiri. "Kuna waliolalamikia sukari?"

Sindano ikapita. Kadi zikaanguka nyingi, karibu fungu zima. Wote tukacheka, hata mgeni.

"Waliotaja mlango wa nyuma wa duka?"

Tulikuwa na tundu la hilo, maana wengi walilisema: ulanguzi. Fungu likapungua.

"Wanawake?" Likapungua.

Mwenzangu alikuwa ameketi dirishani anaandika. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na meza, nikiokota kadi zinazoanguka na kuzinyoosha, kama nilivyofanya kila mara. Mgeni aliuliza polepole, kwa adabu, kama mtu anayejaribu redio mpya. Wajane? Waliotoka kusini? Wanaojipatia riziki kwa kupika? Mkuu wetu alichomeka, akainua, akatikisa. Uso wake uling'aa. Kila jibu lilikuja papo hapo.

Mara ya mwisho alipotikisa, ikaanguka kadi moja.

Niliiokota. Nilisoma mstari wa kwanza tu, kwa mwandiko ule mzuri wa mwenzangu. *Mjane, anapika maandazi barazani, anaishi na mtoto wa dada yake anayefanya kazi ofisini mjini.*

Mtoto wa dada yake nilikuwa mimi.

Sikujua kama alihojiwa. Hakuwahi kuniambia. Nilikuwa bado nimeishika kadi mgeni aliponyoosha mkono na kuichukua vidoleni mwangu taratibu, kama mtu anayempokea mwenzake mzigo. Akaisoma kwa sauti. Mama mdogo alikuwa ameeleza kwamba siku sukari inapoingia, watu wanapangishwa foleni mbele, wengine wamepanga mawe ya kuwashikia nafasi tangu alfajiri, huku magunia yanatoka uani kwenye mkokoteni. Alitaja hata nyumba yanakopelekwa. Si jina la mwenyewe. Alisema tu ile nyumba yenye mlango wa kijani mkabala na msikiti. Yalikuwa ni maneno yake kabisa. Niliisikia sauti yake ndani ya sauti ya yule mwanamume.

"Mlango wa kijani," mgeni akasema. Akatoa kalamu mfukoni, akaandika kitu kiganjani mwake. Akamalizia chai, akashukuru, akasema chombo hiki ni kizuri sana, atarudi wiki ijayo na maswali mengine. Tukasikia viatu vyake vikishuka ngazi.

Mkuu wetu alikuwa bado anatabasamu. Kisha akaniona.

"Binti, unaumwa?"

"Huyo ni mama yangu mdogo," nikasema.

Hakunielewa mara moja. Aliangalia kadi, akaniangalia mimi, akaangalia sindano mkononi mwake. Tabasamu lile halikuondoka ghafla. Lilibaki usoni kwa muda likiwa halina maana tena, kama taa iliyosahauliwa mchana. Mwenzangu kule dirishani akasimama.

"Sikujua ni kwenu," alisema. "Wallahi sikujua."

Nilitoka bila ruhusa. Nilikata Mnazi Mmoja kwa miguu, jua la saa sita, watu wamelala kwenye nyasi wakisubiri muda wa kurudi kazini, nami nakaribia kuwakanyaga. Njia nzima nilikuwa najiambia labda si yeye. Kariakoo ina wajane wangapi wa kusini wanaopika maandazi? Lakini nilikuwa nimeliona kwa macho jibu la swali hilo. Mmoja.

Nilimkuta uani anachambua mchele, kanga moja kiunoni, nyingine begani.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Mbona saa hizi? Wamekufukuza?"

"Mama, uliwahi kuhojiwa na kijana mmoja kuhusu duka?"

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Nani kakwambia?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Si alisema ni siri? Alisema isijulikane na mtu. Nikasema basi, hata wewe usijue." Alinitazama, anatafuta kosa lake liko wapi. "Ni kijana mpole. Alikaa pale barazani, akala andazi, akalipa. Nikamwambia yote. Nilifurahi kuulizwa, mwanangu. Tangu baba yako mdogo afariki, nani mwingine kaniuliza kitu?"

Nilimweleza. Nilimweleza habari za sindano na matundu, na yule mtu wa suti ya rangi ya udongo. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye mlango wa kijani alivuta kanga ya begani akajifunika kichwa, kana kwamba kuna maiti inapitishwa.

"Lakini hakuandika jina," alisema.

"Hakuandika."

"Sasa wamenijuaje?"

Nikachukua ungo mikononi mwake, nikaendelea kuchambua mchele.

Usiku ule hatukulala vizuri, kila gari lililosikika tulidhani linatujia sisi. Tulitegemea mgambo. Tulitegemea balozi wa nyumba kumi aje na karatasi. Hawakuja. Aliyekuja, jioni ya siku iliyofuata, jua bado halijazama, ni meneja wa duka mwenyewe.

Alikuwa mtu mnene mwenye pumzi fupi, tuliyezoea kumwona nyuma ya kaunta akisema "imekwisha". Alipiga hodi kwa heshima, akavua viatu. Alikuwa amebeba kikapu kilichofunikwa gazeti. Alipofunua, ilikuwa sukari. Nyeupe, kavu, mfuko mzima. Nilikuwa sijaona sukari nyingi namna ile pamoja tangu harusi ya dada mmoja jirani.

"Mama, mimi na wewe ni majirani," alisema. "Ukiwa na shida, njoo kwangu. Kwa nini uende kuwaambia watu wa maofisini?"

Hapo ndipo nilipopigwa na mshangao kuliko pale mezani. Ofisini nilidhani mgeni alikuwa anamtafuta mwizi. Kumbe alikuwa anamtafuta shahidi. Alikuwa ametoka ofisini kwetu akaenda moja kwa moja kwa meneja, akamwambia ni mjane yupi.

Mama mdogo aliitazama sukari kwa muda mrefu. Najua alikuwa anahesabu maandazi ndani yake. Mimi pia nilikuwa nayahesabu. Kisha akainuka, akafunika gazeti, akabeba kikapu mpaka mlangoni akakiweka juu ya viatu vya yule bwana.

"Nikiipokea hii," alisema, "itabidi niile na mlango umefungwa. Mimi nimezoea kula uani."

Meneja hakugombana. Alivaa viatu, akachukua kikapu, akaaga vizuri. Kilichofuata kilikuwa kimya kimya. Wiki ile sukari ilipoingia, mama mdogo alipanga foleni na kadi yake ya duka, alipofika mbele mtu wa kaunta akapekua daftari akasema: "Mama, jina lako halionekani." Wiki iliyofuata halikuonekana. Sabuni ilipokuja halikuonekana. Hata ulipokuja unga ule wa njano tuliokuwa tunaulalamikia, halikuonekana. Alienda kwa balozi. Balozi akasema atalifuatilia, huku anatazama pembeni. Jina ambalo hatukuliandika popote ndilo sasa lilikuwa limefutwa.

Maandazi yakakoma. Kwa siku kadhaa baraza letu lilikuwa tupu asubuhi, wateja wanapita na kuuliza kama kuna msiba. Mama wa Kihindi wa nyumba ya pili, ambaye mumewe alikuwa fundi saa, alituma mtu na kikombe cha sukari kilichofunikwa kisahani, bila ujumbe. Mama mdogo alikipokea kile. Alikirudisha na karanga ndani.

Ofisini nilikuwa nimerudi siku ya tatu baada ya kadi ile kuanguka, nikitegemea kufukuzwa. Nilimkuta mkuu wetu peke yake, ndevu hazijanyolewa, kadi zote za Kariakoo zimemwagwa mezani. Mkononi alikuwa na koleo.

"Funga mlango," aliniambia. "Yule bwana anarudi wiki ijayo, na siwezi kumkatalia. Nimepigiwa simu kutoka juu nimsaidie kwa kila hali."

"Tutazichoma?"

"Kadi zikipotea ni kesi. Kadi zipo, tutampa zote." Akachukua moja, akaanza kukata. Tundu la mwanamke, akakata. Tundu la mwanamume, kwenye kadi ile ile, akakata. Mjane, akakata. Ameoa, akakata. Kusini, kaskazini, pwani, Mhindi, mpishi, fundi, mchukuzi, mtaa huu, mtaa ule. Kingo zake zote zikawa kama meno ya kitana.

Nilichelewa kuelewa, nilipoelewa nikaweka mkono mdomoni. Kadi zote zikiwa na mwanya kila mahali, sindano yoyote utakayopitisha, zote zitaanguka. Ukiita wajane, watakuja wote. Ukiita wanaume, watakuja hao hao. Maneno ya watu yangebaki kamili katikati ya kadi, lakini hakuna ambaye angeweza kumchomoa mmoja. Nyumba ile yenye mlango wa kijani aliifuta kwa wino pale ilipotajwa, akaandika juu yake *nyumba fulani*.

Ilikuwa na maana pia kwamba utafiti umekufa. Hatungeweza tena kusema wanawake wanasema hivi na wanaume vile. Kazi ya karibu mwaka mzima, fahari yake, ilikuwa inadondoka sakafuni kama vipande vya kucha.

"Mzee, utasema nini wakikuuliza?"

"Nitasema zimeharibikia mikononi mwangu. Si ni kweli?"

Mwenzangu akaingia wakati tunaendelea. Alisimama mlangoni, akatazama mwandiko wake kwenye kadi zile zenye meno, kisha bila kuuliza akachukua koleo la pili. Tulikata mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mara moja mkuu wetu alisema, kama anayejisemea: "Nilikuwa namwonyesha. Alikuwa hajui, mimi ndiye niliyemfundisha."

Mgeni alirudi kama alivyoahidi. Alipitisha sindano mwenyewe safari hii, akainua. Kadi zote zikaporomoka. Akajaribu tundu jingine, zote zikaporomoka, nyingine zikaingia chini ya kabati. Alituangalia mmoja mmoja. Hakupaza sauti. Alifuta mikono kwa leso, akaondoka, na ulipofika mwisho wa mwezi mkuu wetu akapata barua ya uhamisho kwenda mkoa wa mbali, kwenye ofisi ya takwimu za mifugo. Tulimsindikiza stesheni. Alikuwa na sanduku moja na sweta alilofumiwa na mkewe, na alitucheka sisi tuliokuwa tunalia. Miaka mingi baadaye nilisikia alistaafu huko huko, akafuga ng'ombe, wakampenda.

Meneja hakupatwa na lolote. Nasema hivi kwa kuwa watu hunisubiri niseme alikamatwa. Hakukamatwa. Duka lilifungwa lenyewe baadaye, biashara huria ziliporudi, naye akafungua lake.

Mama mdogo alihamia kwenye mihogo. Muhogo hauhitaji sukari, hauhitaji kadi ya duka. Unahitaji mafuta kidogo, chumvi na pilipili, na jamaa zake wa kusini walijua pa kuupata. Alikaanga pale pale barazani. Wiki ya kwanza watu walinunua kwa huruma, ya pili kwa njaa, ya tatu wakawa wanabishana zamu.

Jioni moja mwenzangu alikuja. Nilikuwa ndani, nikamwona kupitia dirishani amesimama mbali kidogo na baraza, mikono mfukoni, hathubutu kusogea. Mama mdogo alimtambua kabla yangu.

"Wewe kijana wa maswali," alimwita. "Njoo ukae."

Akaja, akachuchumaa badala ya kukaa. "Mama, nimekuja kuomba radhi."

"Uliandika uongo?"

"Hapana, mama."

"Uliandika nililosema?"

"Neno kwa neno."

"Basi kula muhogo." Alimwekea kwenye kipande cha gazeti, akamwongezea pilipili. Kijana akala, machozi yanamtoka, ya pilipili au ya nini sijui. Baada ya muda mama mdogo akakaa vizuri kwenye kigoda, akajifuta mikono kwa kanga.

"Siku ile hukuniuliza habari za maji," alisema. Akaanza kumwambia habari za bomba la mtaa wetu: nani alilifunga na kwa nini, na wanawake walimfanya nini. Kijana alisikiliza mpaka giza likaingia. Mikono yake yote miwili ilikuwa na mafuta ya muhogo, na kalamu ilikaa mfukoni mwa shati haikuguswa.